Wajibu wa Mwenye Lango

Utamaduni wa taifa lolote haukai ndani ya ua uliozibwa pande zote. Hutoa na hupokea, kama watu wa nyumba moja wanavyoazimana moto na chumvi na majirani zao. Visa vya Abunuwasi, ambavyo watoto wa pwani na wa bara wamevicheka kwa vizazi vingi, asili yake si huku kwetu. Vilitoka katika nchi za Waarabu na Waajemi, vikavuka bahari pamoja na tende na mazulia, vikatua pwani, vikavaa kanzu na kusema Kiswahili. Hapakuwa na mtu aliyesimama ufukoni na muhuri mkononi akisema kisa hiki kipite na kile kirudi kilikotoka. Aliyekipenda kisa alikihadithia, na asiyekipenda alikiacha kikafa. Hukumu ilikuwa ya wasikilizaji wenyewe. Ndiyo maana wahenga wakasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku hizi hadithi husafiri kwa njia nyingine, nazo njia hizo zina malango. Insha hii yataka kupeleleza swali moja la maadili: mtu anayemiliki lango ambalo kazi za sanaa za taifa moja hulipitia kwenda taifa jingine, ana haki gani, na ana wajibu gani? Mfano nilioutwaa ni wa michezo ya video, hasa ile iliyotungwa Japani ikatakiwa kuuzwa Marekani. Huenda mwalimu akashangaa kuona mchezo wa watoto umeingizwa katika mizani ya falsafa. Asishangae. Ndani ya michezo hiyo mna hadithi, muziki, picha, ngano za kale na mafundisho juu ya mema na mabaya, na vijana wetu wengi huijua kuliko wanavyovijua vitabu vilivyo katika maktaba zao. Kitu kinachogusa akili za vijana wengi kiasi hicho chastahili kufikiriwa na wakubwa wao.

Yafaa kwanza tuelewe jambo lenyewe lilivyo. Kitabu kikishapigwa chapa chaweza kusomwa na kila mwenye macho na taa. Jicho halimuulizi mtu yeyote ruhusa. Mchezo wa video sivyo. Wahitaji mashine maalumu, na mashine hiyo hutengenezwa na kampuni moja, nayo kampuni yaweza kuiunda kwa namna ambayo haitauchezesha mchezo wowote usio na idhini yake. Kwa hiyo mwenye kuunda mashine si fundi tu wala si muuza duka tu. Amekuwa pia bawabu. Mtunzi aweza kutunga, mfasiri aweza kufasiri, mnunuzi aweza kuwa na fedha mkononi, na bado kazi isifike kwa sababu bawabu ametikisa kichwa.

Bawabu huyo hakuzuka bila sababu. Katika mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ya nyumbani ilianguka vibaya huko Marekani. Maduka yalikuwa yamejaa michezo iliyotungwa kwa pupa, mibovu, inayofanana. Wanunuzi wakachoka, wakaacha kununua. Mauzo yaliyokuwa yakihesabiwa kiasi cha dola bilioni 3 yalishuka katika miaka miwili hadi kiasi cha dola milioni 100. Kampuni ya Atari ilifikia hatua ya kufukia kaseti zake katika jaa la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, na mwaka 2014 baadhi ya kaseti hizo zilifukuliwa mbele ya mashahidi. Basi kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoipeleka mashine yake Marekani mwaka 1985, iliazimia kwamba janga lile lisirudi. Ndani ya mashine iliweka chipu, na ndani ya kila kaseti iliyoruhusiwa ikaweka chipu ya pili. Chipu mbili zisipojuana, mashine yakataa kuanza. Kampuni nyingine zilizotaka kutunga michezo ya mashine ile zilipaswa kupata leseni, kuagiza kaseti zao kwa Nintendo yenyewe, kutotoa zaidi ya michezo mitano kwa mwaka, na kutoupeleka mchezo uleule kwa mashine ya mshindani kwa muda wa miaka miwili.

Hapana shaka sharti la ubora lilikuwa na hekima ndani yake. Walakini mtu makini ataona kwamba ndani ya mfuko huohuo wa hekima mlitiwa kitu kingine. Kumkataza mtunzi asitoe mchezo mbovu ni ulinzi wa mnunuzi. Kumkataza asiuze mchezo mzuri kwa jirani ni ulinzi wa nani? Na hesabu ya mitano haikupima ubora hata kidogo, maana mchezo wa sita waweza kuwa bora kuliko mitano iliyoutangulia. Kampuni ya Konami ilipoona imebanwa na hesabu hiyo, mwaka 1988 ilianzisha jina la pili huko Marekani, Ultra Games, ili ipate mitano mingine. Bawabu alijua, akanyamaza. Sharti ambalo hutimizwa kwa kubadili jina mlangoni si sharti la maadili, ni sharti la nguvu.

Sasa na tuutazame uzuiaji wenyewe, maana kuna uzuiaji wa namna tatu, na wengi huzichanganya. Tusipozitenganisha hatutaweza kutoa hukumu ya haki.

Namna ya kwanza ni ya mtu anayesema: "Kitu hiki ni changu, nami sitakileta kwenu." Mwaka 2006 Nintendo ilitoa Japani mchezo uitwao Mother 3, kisa cha huzuni juu ya jamaa aliyevunjikiwa na nyumba yake na kijiji kilichoharibiwa na tamaa ya mali. Wapenzi wake walio nje ya Japani waliungoja kwa Kiingereza, haukuja. Mwaka 2008 kundi la watu wa kujitolea waliufasiri wenyewe bila malipo. Twaweza kusikitika kwa uamuzi wa kampuni, lakini ni vigumu kusema kwamba ilimdhulumu mtu. Kazi ya kufasiri ina gharama, na mwenye mali hana deni la kuipeleka kila mahali. Mkulima asiyetaka kupeleka machungwa yake soko la mbali hajamwibia mtu wa soko hilo.

Namna ya pili ni ya mtu anayesema: "Sitakileta, wala sitamruhusu mwingine akilete." Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Kampuni ya Sony ilipoingiza mashine yake ya PlayStation Marekani mwaka 1995, kibali kilichotolewa Japani hakikutosha. Tawi la Marekani lilikuwa na vibali vyake, na mchezo uliokwisha kuuzwa Japani ulipaswa kuombewa ruhusa upya. Ikajulikana miongoni mwa wachapishaji kwamba tawi hilo halikupendezwa na michezo ya picha bapa, kwa kuwa mashine mpya ilikuwa ikisifiwa kwa picha zenye kina, na michezo ya mtindo wa zamani ilidhaniwa kuitia aibu.

Katika jimbo la California palikuwa na kampuni ndogo, Working Designs, iliyoishi kwa kuifasiri michezo ya Kijapani na kuitoa kwa Kiingereza katika masanduku yaliyopambwa kwa uangalifu. Kampuni hiyo ilitaka kutoa Marekani mchezo wa Goemon wa mashine ya PlayStation 2. Goemon si jina la kubuniwa na wafanyabiashara. Ishikawa Goemon ni mwizi wa ngano za Japani wa karne ya 16, asemwaye kuwa aliwaibia matajiri akawapa maskini, akauawa kwa kutiwa katika sufuria la moto mwaka 1594. Wajapani wamemchezea tamthilia za jukwaani kwa mamia ya miaka. Kwao ni kama vile Abunuwasi alivyo kwetu: mjanja anayewacheka wakubwa. Basi mfasiri alikuwapo, nia ya kutoa gharama ilikuwapo, na wanunuzi walikuwa wakingoja. Kwa maelezo ya Working Designs, kibali cha tawi la Marekani ndicho kilichokosekana. Mchezo haukutoka. Mwezi Desemba 2005 kampuni yenyewe ilifunga milango.

Hapa hatuwezi tena kutumia hoja ya mkulima na machungwa yake. Sony hakuwa mwenye mchezo. Mchezo ulikuwa wa Konami. Gharama ya kuufasiri haikuwa ya Sony. Hasara, kama ingekuwapo, ingewaangukia wengine. Kilichozuiliwa si mali ya mzuiaji bali ni mapatano ya watu watatu walioridhiana: mtunzi, mfasiri na mnunuzi. Mtu anayekataa kutenda atumia uhuru wake mwenyewe. Mtu anayewakataza wengine kutenda atumia mamlaka juu ya uhuru wao. Mambo haya mawili yafanana kwa sura, kwa kuwa mwisho wake ni duka lisilo na mchezo, lakini katika mizani ya maadili yana uzito mbali mbali. Uhuru hauhitaji kujieleza. Mamlaka yahitaji.

Namna ya tatu ni ya mtu anayesema: "Sitakileta kwenu, nanyi mkikifuata kiliko hakitafanya kazi." Mwaka 2010 Nintendo ilitoa Japani mchezo mkubwa uitwao Xenoblade Chronicles. Mwezi Agosti 2011 ukatoka Ulaya, tayari kwa Kiingereza. Lakini Marekani haukutangazwa, na mashine za Wii zilikuwa na kufuli la maeneo: mashine iliyonunuliwa Marekani haikuikubali diski ya Ulaya. Mtu wa Chicago aliyekuwa tayari kuagiza diski London kwa fedha yake angepokea kitu asichoweza kukitumia, ingawa lugha iliyomo ni lugha yake. Wapenzi wa michezo walijikusanya mwaka 2011 wakaandika barua na kufanya kampeni, na mwezi Aprili 2012 mchezo ukauzwa Marekani. Kama wanunuzi hawakuwako, barua zile zilitoka kwa nani? Namna hii ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuitetea, kwa kuwa humfuata mtu hadi ndani ya nyumba yake na kumzuia kutumia kitu alichokilipia. Ni jambo la kushukuru kwamba mashine za baadaye, kama Switch ya mwaka 2017, zimeachana na kufuli hilo kwa michezo yake.

Mtetezi wa bawabu atasema: "Lakini soko lisilo na mlinzi hujaa takataka, na watoto huuziwa machafu." Neno hili ni kweli, wala sitaki msomaji adhani nataka malango yang'olewe. Mwaka 2018 huko Uingereza baraza la kupima michezo, Video Standards Council, lilikataa kuupa cheti mchezo wa Kijapani uitwao Omega Labyrinth Z, kwa sababu ulichora wasichana wenye sura ya utoto kwa namna ya ashiki. Baraza lilieleza wazi ni kitu gani lililokataa na ni madhara gani lililoyaogopa. Mzazi aliweza kusoma, mtunzi aliweza kusoma, na mwenye kupinga aliweza kupinga. Mimi naona baraza lilitenda lililo sawa. Lakini hata asiyekubaliana nami aweza kubishana na sababu hizo, kwa kuwa zimetolewa mbele ya watu. Sababu iliyo wazi hata ikiwa na kosa yaweza kusahihishwa. Kukataa kwa kimya hakusahihishiki, maana hakuna pa kukishika. Wahenga waliujua ukatili wa kimya hicho waliposema: akufukuzaye hakwambii toka.

Tena, mwenye kupima kwa ladha yake pasipo kujieleza hukosea bila kujua kwamba amekosea. Mwaka 1997, katika siku zilezile ambapo picha bapa zilidharauliwa, mchezo wa Castlevania: Symphony of the Night, uliochorwa bapa, ulipita langoni ukauzwa Marekani. Leo wajuzi wanauhesabu miongoni mwa michezo bora iliyopata kutolewa kwa mashine ile. Huo tunaujua kwa kuwa ulipita. Iliyozuiliwa hatuwezi kuipima, na hilo ndilo kosa la pekee la uzuiaji: huharibu hata ushahidi ambao ungeonyesha kwamba ulikuwa kosa.

Nasi walimu na wanafunzi wa Kiswahili si wageni wa jambo la ithibati. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 chini ya utawala wa kikoloni, ilivipitia vitabu vya shule na kuvipa muhuri wa kuvikubali kabla ya kuchapishwa. Baada ya uhuru, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, nalo hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu. Ithibati imetusaidia: mtoto wa Kigoma na mtoto wa Tanga husoma tahajia moja. Lakini imekuwa na lawama zake pia, na washairi wa Mvita na Lamu wamelalamika kwamba kipimo kilichotwaliwa Unguja kiliviita vipimo vyao makosa. Walipolalamika walijua wamlalamikie nani. Kamati ilikuwa na jina, na kanuni zake zilikuwa katika vitabu vya sarufi na kamusi, na mtu aliweza kusimama akasema kanuni hii si sahihi. Tena mwandishi aliyekosa muhuri alikosa mlango wa shule, ila hakukosa njia zote. Angeweza kuimba utenzi wake, kuunakili kwa mkono, au kutafuta mpiga chapa mwingine.

Tukiyaweka pamoja haya yote, twapata kanuni ambayo naona yafaa kwa malango ya kila aina, ya umma na ya wafanyabiashara. Kadiri njia nyingine zinavyopungua, ndivyo wajibu wa mwenye lango unavyoongezeka. Muuza duka mmoja kati ya ishirini aweza kukataa kuuza kitabu fulani asimwambie mtu kwa nini. Mnunuzi atavuka barabara. Lakini mwenye kumiliki daraja la pekee juu ya mto hawezi kusema, "Daraja ni langu, nampitisha nimpendaye." Alipolifanya daraja lake kuwa la pekee, tena kwa chipu na kufuli alizoziweka yeye mwenyewe, alijitwika deni. Deni hilo lina sehemu tatu: atangaze kipimo chake kabla mtu hajaanza safari, amwambie aliyekataliwa sababu, na asimzuie kutafuta njia nyingine isiyomdhuru mtu.

Yuko atakayesema kwamba mfanyabiashara hana deni ila kwa wenye hisa zake, na kwamba neno "wajibu" ni la serikali na wazazi. Namjibu hivi. Wajibu hautokani na jina la mtu bali na uwezo wake juu ya wengine. Mzee wa kijiji, hakimu, mwalimu wa darasa, na mwenye kisima cha pekee wakati wa kiangazi, wote wana wajibu kwa sababu moja: wengine hawawezi kuwakwepa. Maji yaweza kuwa mali ya mtu, lakini kiu si mali yake.

Msomaji asidhani kwamba hili ni la Wamarekani na Wajapani tu. Mwezi Mei 2024 Sony iliagiza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwa njia ya kompyuta waunganishe mchezo na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mtandao huo haukuwa na huduma katika nchi nyingi, na mchezo ukaondolewa katika duka kwa nchi zaidi ya 170, nyingi za Afrika zikiwamo. Wachezaji wa dunia nzima wakalalamika, na agizo la akaunti likafutwa kwa siku chache; hata hivyo nchi nyingi zilibaki nje ya duka kwa muda baada ya hapo. Hatukufukuzwa kwa chuki. Tulikuwa hatumo tu katika orodha ya mtu. Na siku kijana wa Dodoma au wa Mombasa atakapotunga mchezo juu ya Liyongo au juu ya Kinjeketile na kutaka Mjapani auone, atakutana na malango hayohayo kutoka upande wa pili. Yafaa aanze leo kujua la kuuliza akifika: kipimo ni kipi, sababu ni ipi, na njia nyingine iko wapi?

Basi tuwafundishe vijana wetu mambo mawili kwa pamoja. Wasione kila mlinzi kuwa adui, maana nyumba isiyo na mlango si nyumba. Wala wasione kila kukatazwa kuwa hekima, maana ufunguo huwekwa mkononi mwa mtu, na mtu hupenda na kuchukia kama watu wengine. Nami, kwa desturi ya watunzi, nafunga kwa ubeti:

Lango likiwa ni moja, bawabu toa sababu,
Mgeni anakungoja, akitaka lako jibu,
Usimpange pamoja, na mwizi mwenye aibu,
Ufunguo ni amana, wadai utaratibu.